Leva za microSHIFT, direla ya Deore na kaseti ya SRAM kwenye baiskeli kuukuu: uzoefu wangu

Jumamosi iliyopita nilipanda kutoka Ruaka, nje kidogo ya Nairobi, kupitia Banana hadi Limuru bila kushuka kwenye baiskeli hata mara moja. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na anayeijua barabara ile anajua mlima wenyewe hauna pa kupumzikia. Mimi nina miaka 47, na baiskeli yangu ya lami imevuka miaka ishirini. Mwaka jana nilikuwa nikifika nusu ya mlima, nashuka, nasukuma. Kilichobadilika ni vipuri, na vipuri hivyo vimetoka kwa watengenezaji wanne tofauti: microSHIFT, Shimano, SRAM na KMC.

Baiskeli ni ya mtumba, fremu ya chuma nyembamba, tairi za 700 kwa 25. Nilipoinunua ilikuwa Shimano kuanzia leva za kubadilishia gia hadi kaseti, yale magurudumu ya meno ya nyuma: gia 9 nyuma, meno 12 hadi 25, mbele meno 53 na 39. Naipenda fremu hii. Inameza mashimo kwa upole, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kengele.

Mvua za Aprili zikanifundisha. Niliteleza kwenye Barabara ya Ngong, nikaangukia upande wa kulia. Leva ya gia za nyuma ikapasuka, na direla, kile kimkono kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kikakwaruzwa na lami mpaka kikavunjika. Mimi nilipona na michubuko tu, namshukuru Mungu.

Wenzangu wengi ninaoendesha nao walinishauri ninunue seti mpya ya gia 11 au 12. Nilipiga hesabu nikaona ni kama kuvuta uzi kwenye sweta. Kaseti ya lami ya gia 11 inahitaji friwili, ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayobeba kaseti, iliyo ndefu kwa milimita 1.85 kuliko yangu, kwa hiyo gurudumu la nyuma lingekuwa la kutupwa. Baada ya gurudumu, leva zote mbili, direla zote mbili, cheni. Ningebaki na fremu na kiti. Nikaamua kutafuta nilichopoteza tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Muuzaji mmoja wa vipuri mjini alinionyesha direla safi ya SRAM, ya baiskeli ya mlimani, ya gia 9. Akaniambia, "Boss, yako ni ya gia 9, hii ni ya gia 9. Gia ni gia." Nikalipa kwa M-Pesa nikaondoka nimefurahi.

Nilipata leva mpya za microSHIFT za gia 9, nikafunga kila kitu mwenyewe nyumbani, na jioni nzima nikahangaika. Kliki ya kwanza, cheni inasogea kidogo halafu inanguruma. Ya pili, inaruka. Nilipomaliza kliki zote nane, cheni ilikuwa bado katikati ya kaseti. Niliulegeza waya, nikaukaza, nikaubadilisha. Wapi.

Kesho yake nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi anayefanyia kazi kando ya barabara Kawangware. Hakushika spana kwanza. Alichukua rula, akaniambia nibofye leva, akapima waya unavutwa kiasi gani.

"Kijana, leva yako inavuta kidogo. Hii direla inataka leva inayovuta sana. Hazisikilizani."

"Lakini mzee, zote ni za gia 9."

"Hiyo tisa ni hesabu ya kaseti. Wewe pima waya."

Nimeisoma hesabu yenyewe baadaye, na naiandika hapa kwa sababu ingeniokolea pesa. Leva za Shimano za lami za gia 9 huvuta waya takriban milimita 2.5 kwa kila kliki. Direla yake huzidisha mvuto huo kwa 1.7, na cheni inasogea kama milimita 4.3, ambayo ndiyo nafasi kutoka gia moja hadi ya pili kwenye kaseti. microSHIFT walitengeneza leva zangu zifuate mvuto huohuo. SRAM wa mlimani wa gia 9 wana mpango wao: leva inavuta karibu milimita 4, direla inazidisha kwa 1.1 tu. Ukipima leva na direla zao pamoja, unafika palepale. Ukichanganya leva yangu na direla ile, kila kliki inasogeza cheni milimita 2.75. Kwa kliki nane unapata milimita 22 mahali ambapo unahitaji karibu 35. Direla haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa inafuata amri za lugha nyingine.

Mzee akanitafutia direla ya Shimano Deore ya gia 9, iliyotumika, ya mkono mrefu. Nayo ni ya mlimani, lakini direla za Shimano za mlimani za gia 9 huzidisha kwa 1.7 kama za lami. Hapa uwe macho: Deore ya gia 10 haifanyi hivyo, ilibadilishwa. Ukitaka kutumia Deore na leva za lami za zamani, ishia gia 9.

Mkono mrefu ndio ulionifungulia mlima. Direla fupi ya lami ingeshindwa kukunja cheni yote niliyohitaji, lakini hii ikaniruhusu kuweka kaseti ya meno 11 hadi 32. Na kaseti hiyo ni ya SRAM, PG-950. Watu hushangaa nikiwaambia: direla ya SRAM ilinikataa, kaseti ya SRAM ikaingia kwenye friwili yangu kama iliyozaliwa nayo. Nafasi kati ya gia ni ileile na mifereji ya friwili ni ileile. Kaseti ya Campagnolo isingeingia kabisa, kwa kuwa mifereji yake ni tofauti.

Zamani, gia yangu nyepesi kabisa, 39 mbele na 25 nyuma, ilinisogeza karibu mita 3.3 kwa kila mzunguko wa pedali. Sasa, kwa 39 na 32, nasogea kama mita 2.6. Kwenye mlima wa Banana tofauti hiyo unaisikia kwenye magoti.

Cheni ni KMC X9, ambayo haichagui mtengenezaji wa kaseti ya gia 9. Tuliikata ndefu kuliko ile ya zamani, tukiipimia kwenye gia kubwa mbele na kubwa nyuma. Kabla ya yote mzee alinyoosha sikio la fremu linaloshika direla, maana lilipinda nilipoanguka, na hakuna leva wala direla inayoweza kufanya kazi sikio likiwa limepinda. Fremu ya chuma inakubali kunyooshwa. Alinitoza shilingi 500 kwa kazi yote, nikaongeza kwa hiari yangu.

Nimeendesha kilomita 1,400 hivi tangu hapo: Karen, Ngong, Kiserian, Rongai, na Limuru. Gia zinaingia moja kwa moja, hata baada ya tope. Leva zina vibonyezo viwili nyuma ya breki, kimoja cha kupanda na kimoja cha kushuka, na vidole vyangu vilichukua wiki mbili kuacha kusukuma breki yenyewe kama nilivyozoea. Gharama ninayoilipa iko kwenye tambarare. Kaseti inaruka kutoka 18 hadi 21, kisha 24, 28 na 32, na nikiwa kwenye upepo wa Barabara ya Magadi mara nyingi natamani gia iliyo katikati ambayo sina. Mtu anayeshindana asifanye hivi. Pia situmii gia ndogo mbele pamoja na ndogo nyuma, kwa sababu hapo cheni inakwenda mshazari.

Ile direla ya SRAM nilimwachia mzee. Wiki iliyopita nilimkuta akiifunga kwenye baiskeli ya mlimani ya kijana mmoja, yenye leva za SRAM za gia 9. Alibofya mara nane, na cheni ikapanda gia zote bila kusita.