Amplifaya mbili, jozi moja ya spika: yaliyonikuta na Quad 405

Quad 405 nilipewa na ami yangu, aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi kisha akarudi Mombasa na mizigo ambayo wanawe hawakuitaka. Ni sanduku dogo lakini zito, uso wake wote ni mapezi ya kupozea joto, na halina hata swichi. Ukilichomeka ukutani limeshawaka. Mashine hizi zilianza kuuzwa 1975 na zinatoa wati 100 kila upande. Mimi tayari nilikuwa na amplifaya ya Kijapani ya wati 60, na spika za B&W DM602 S3, zile zenye wufa (kile kipaza kikubwa cha besi) ya njano.

Nyuma ya kila spika hizo mna skrubu nne za waya, si mbili. Mbili za juu ni za twita, kile kipaza kidogo cha sauti nyembamba, mbili za chini ni za wufa. Nikaziangalia zile skrubu, nikaiangalia Quad, shetani akaninong'oneza: ipe Quad wufa, ile ya Kijapani ipe twita, upate wati 160.

Hesabu hiyo ni ya uongo, nitaieleza. Kwanza niwaambie nilivyounguza.

Skrubu za juu na za chini zimeunganishwa kwa vipande viwili vya chuma, bapa, virefu kama kidole gumba. Kiwandani huviweka ili mwenye amplifaya moja achomeke waya jozi moja tu, na twita na wufa zote zipate. Ukileta amplifaya ya pili lazima vitoke, kwa sababu vikibaki, midomo ya mashine mbili inakutana, na kila moja inaiona mwenzake kama shoti. Hayo yote nilikuwa nayajua. Spika ya kulia nikavitoa. Nilipohamia ya kushoto ikaadhiniwa Magharibi, nikaenda msikitini. Niliporudi nikafunga waya kwa furaha, vile vyuma viko palepale.

Haukulia mlipuko wowote. Nilipopandisha sauti kidogo, ya Kijapani ilitoa mlio mmoja mdogo, tik, ikanyamaza, halafu harufu. Quad haikushtuka. Fundi wangu wa Mwembe Tayari alifungua kifuniko, akanusa, akasema, "Ndugu yangu, umezipiganisha hizi." Transista mbili za upande wa kushoto na fyuzi. Kosa ni langu mia kwa mia, siwezi kumlaumu aliyeitengeneza.

Kosa la pili halikuunguza kitu ila lilinichosha zaidi. Baada ya matengenezo kila kitu kilifungwa sawasawa, vyuma nje, na bado sauti ilikuwa mbaya. Besi imejaa chumba, sauti ya mwimbaji iko mbali. Mke wangu alipita sebuleni akauliza kwa nini huyu bwana anaimba akiwa ndani ya mtungi.

Kumbe amplifaya mbili hazikuzi sauti kwa kiwango kimoja. Quad inatosheka na nusu volti kutoka kwenye priamplifaya, kile chombo kinachotangulia amplifaya na kuipelekea sauti, ili itoe wati zake 100 zote, wakati ya Kijapani inataka zaidi. Hili hupimika kwa mita ya kawaida ya fundi. Nilichomoa spika zote, nikacheza mlio mmoja wa hezi 400 kutoka kwenye simu, nikagusa skrubu za kutokea. Ya Kijapani volti 2, Quad volti 4.1. Yaani wufa zilikuwa zinapewa maradufu ya twita! Dawa yake ni rezista mbili tu kila upande, zikapunguza kinachoingia kwenye Quad kwa nusu. Fundi alizificha ndani ya waya uleule aliokuwa ananitengenezea, maana Quad yangu haina matundu ya RCA, yale ya kawaida ya vyombo vya muziki, ina tundu moja la mviringo la pini nne, na waya wa kuliingia huupati dukani kirahisi.

Ukiwa na mashine mbili za aina moja, taabu hii yote hunayo. Lau ningejua mapema ningetafuta Quad ya pili au nisianze kabisa.

Kulikuwa pia na mvumo, ule wa chini usiokwisha. Ulikufa nilipochomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta tofauti. Kuna watu watakaokushauri ukate waya wa ethi kwenye plagi. Usithubutu, ni umeme wa volti 240 huo.

Sasa faida. Nilimwomba kijana wangu anibadilishie waya nyuma ya pazia mara kumi, mara amplifaya moja, mara mbili, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Nilipatia mara sita, sawa na kurusha shilingi. Sauti ikiwa juu sana, kwenye rumba yenye gita la besi zito, twita zilitulia zaidi kidogo, na hapo nina hakika nilisikia tofauti. Lakini wati 160 hazikuonekana. Twita hula wati chache mno, nguvu nyingi huenda kwenye wufa, na hata ukizidisha wati mara mbili kamili unaongeza desibeli 3 tu, ambazo kwa sikio ni ongezeko dogo. Isitoshe kichujio kinachogawa besi na twita bado kiko ndani ya spika, kwa hiyo kila amplifaya inabeba muziki wote hata kama inalisha nusu yake. Wanaofaidi kweli hugawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, kwa kichujio cha nje. Hiyo inataka kufungua spika na kung'oa kichujio chake, na mimi B&W zangu siwezi kuzifanyia hivyo.

Nikasalimu amri. Quad sasa inaendesha B&W peke yake. Ya Kijapani nimeihamishia barazani na spika mbili za zamani, inapiga taarabu wageni wakija. Vile vyuma vinne nimevirudisha nyuma ya spika, nikavikaza kwa koleo.