Dhahabu ya kulipia vitu: uliza kwanza ikifunguliwa itapokelewaje

Meseji ninazopata kuhusu dhahabu siku hizi ni kilio kimoja. Dada mmoja wa Jinja alinunua kipande cha gramu moja, kimefungwa ndani ya kadi ya plastiki yenye namba na cheti. Siku ya shida akaikata kadi kwa makasi, akampelekea sonara. Sonara akakigeuza kiganjani, akauliza, "Kadi iko wapi, mama?" Kisha akataja bei ya dhahabu chakavu.

Usafi wa 999.9, uzito, nembo: hayo mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Anayetaka kulipia vitu kwa dhahabu au fedha (namaanisha madini ya fedha, si hela) aulize jambo moja tu: kikishatoka kwenye kadi, kinapoteza kiasi gani? Pesa ya matumizi hutiwa mfukoni, hukwaruzwa na funguo, hupita mikono ya watu. Kadi inayodai isiguswe inafaa kabatini.

Kwangu nambari moja, na sifichi upendeleo, ni CombiBar ya Valcambi wa Uswisi. Ni kibao cha gramu 50 chenye mistari kama chokoleti, unamega gramu moja kwa mkono bila kifaa. Kimetengenezwa kivunjwe! Nenda nacho kizima, umegee mbele ya anayepokea, maswali yatapungua. Tatizo ni chenji. Oktoba 2025 wakia (gramu 31.1) ya dhahabu ilipita dola 4,000, yaani gramu moja karibu dola 130. Muuza nyanya wa soko la Nakasero, Kampala, akurudishie nini? Ndiyo maana kwa sokoni nachagua CombiBar ya fedha, vipande 100 vya gramu moja. Mwezi huohuo gramu ya fedha haikufika dola mbili.

Ya pili ni Goldback, noti za Marekani zilizoanza Utah mwaka 2019. Noti ya 1 ina elfu moja ya wakia ya dhahabu ndani ya utando wa plastiki, kwa hiyo hakuna cha kufungua. Kwa chenji haina mpinzani. Ila huuzwa karibu mara mbili ya thamani ya dhahabu iliyomo, na sonara wa Kampala atakulipa thamani ya dhahabu iliyomo tu, kama atakubali kuihangaikia.

Dinari, sarafu ya dhahabu ya Kiislamu ya gramu 4.25, karati 22, naipenda kwa mahari na kwa hesabu ya zaka, maana dinari 20 ndizo gramu 85 za nisabu. Kwa kununulia mchele ni kubwa mno. PAMP, watengenezaji wengine wa Uswisi, wana kadi nzuri kuliko wote, na hapo ndipo ugonjwa wao ulipo. Mpe bibi harusi.

Vipande visivyo na nembo, au vumbi la mgodini Busia? Hapana. Matapeli wa dhahabu wa Kampala wanajulikana dunia nzima.

Halafu kumbuka, sarafu halali hapa ni shilingi ya Benki Kuu ya Uganda. Muuzaji akikataa dhahabu yako humfanyi kitu. Na epuka kipande kilichochapwa neno "dola". Bernard von NotHaus, aliyeanzisha sarafu binafsi za Liberty Dollar kule Marekani mwaka 1998, alitiwa hatiani 2011 kwa sababu sarafu zake zilifanana na za serikali.

Sasa wauzaji wetu wa dhahabu. Ukinunua, bei ni ya dola na ya leo asubuhi. Ukirudi kuuza, bei imekuwa ya shilingi, soko limeshuka ghafla, na mizani imegeuziwa upande wa muuzaji. Mwambie aigeuze uisome mwenyewe, akinuna, ondoka. Akikutumia hela kwa simu, ukienda kutoa kwa wakala kuna ada, na juu yake serikali inakata asilimia 0.5. Dai noti mkononi.