Ukulele besi ya bei nafuu: hela yako iko kwenye nyuzi na pikapu

Ukulele besi haizidi sentimita 80 toka kichwani hadi kitakoni, lakini inatyuniwa (nyuzi hukazwa hadi noti zake) sawa na gitaa besi la kawaida: E, A, D, G. Uzi wake wa E ni hertzi 41 zile zile za besi kubwa. Niliyonunua ni ya kiwango cha chini kabisa. Bodi ni plaiwudi, pikapu (kinasa sauti, si ile ya kubebea mizigo) ni ya piezo chini ya daraja, yaani kipande cha juu ya bodi kinachoshika mwisho wa nyuzi, priampu (kikuza sauti kidogo cha betri) ina tyuna yake ya kupimia noti, na mfuko wake ni mwembamba kama mfuko wa kanzu. Ilifika Mombasa kwa basi kutoka Nairobi, jumla shilingi 18,500. Ilipotoka kwenye boksi ningeipa nne kwa kumi. Sasa naipa saba. Hizo tatu zimetokana na seti ya nyuzi, kipande cha msasa na jeki mpya (tundu la kuchomekea kebo), kama shilingi 5,000 hivi zote pamoja. Anayenunua azitenge tangu mwanzo, maana bei ya dukani ni ya kitu kisichopigika bado.

Kwanza nyuzi, kwa sababu ndizo zinazosumbua wengi. Kutoka kijiti cha kichwani, chenye mifereji ya kupitisha nyuzi, hadi daraja kuna sentimita 53 hivi. Kwenye gitaa besi ni 86. Ukifunga uzi wa chuma wa besi kwenye urefu huo mfupi na kuushusha hadi E, unalala, unagonga freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo), unasikika kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiukaza upate nguvu, umeshaipita noti unayoitaka. Njia ni kutumia uzi mnene na laini unaoshuka hadi chini bila kuhitaji urefu. Ndivyo alivyofanya Owen Holt wa Road Toad Music aliyebuni besi ya namna hii, ambayo kampuni ya Kala ya California iliitia sokoni: nyuzi za poliyurethani, nene kama waya wa chaja, laini kama mpira wa manati. Aquila ya Italia nayo hutengeneza zake, Thundergut. Besi za bei ya chini huja na nyuzi nyeusi zinazoiga hizo, na hapo ndipo hela ilipobanwa.

Nyuzi nilizozikuta zilikuwa na unene usiolingana. Uzi wa E ulikuwa sawa ukiwa wazi, bila kubonyezwa, freti ya 5 ukapanda, freti ya 7 ukashuka. Hakuna marekebisho ya daraja yatakayoponya uzi wa aina hiyo, ni wa kutupa. Namna ya kutofautisha ni hii: gusa uzi kidogo juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, kisha ubonyeze hapo hapo na upige tena. Linganisha kwa tyuna. Nyuzi zote nne zikipanda ukibonyeza, tatizo ni urefu wa nyuzi juu ya freti au mahali pa daraja. Mmoja tu ukipotea na wenzake wako sawa, laumu uzi.

Kufunga mpira si kama kufunga nyuzi za gitaa. Badilisha mmoja mmoja, kwa sababu kijiti cha daraja, kile kinachokaliwa na nyuzi, hushikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu. Ukizitoa zote kinadondoka na kipande cha piezo kinasogea. Kaza fundo vizuri, pitisha uzi kwenye tundu la kigingi cha kukazia, halafu uvute kwa mkono hadi ugome. Ndipo uanze kuzungusha. Usipouvuta utazungusha raundi saba, nane, kigingi kitajaa, uzi utajipanda wenyewe, na E hujaifikia. Mizunguko miwili au mitatu yatosha. Mkia usiukate siku hiyo, ngoja uzi umalize kuvutika. Siku ya kwanza utatyuni kila baada ya dakika kumi, na hutulia baada ya wiki nzima. Wengi huirudisha besi dukani siku ya pili wakisema vigingi vinateleza. Vigingi havina kosa, ni mpira unaendelea kunyooka.

Ukizungusha kigingi na noti haibadiliki, kisha ghafla inaruka kwa mlio wa "tak", uzi umebanwa kwenye mfereji wa kijiti cha kichwani. Kunja msasa mwembamba kwenye kijiti cha unene wa uzi huo, panua kando za mfereji bila kuchimba chini, kisha paka unga wa penseli. Ukichimba chini uzi utazomea ukipigwa wazi. Hilo likitokea, jaza mfereji kwa unga wa bikabonati ya kuokea na tone la supa gluu, ugande, uchonge upya. Ni rekebisho la kudumu kuliko linavyosikika.

Kuna pia nyuzi zilizosokotwa kwa waya juu ya kiini laini, zilizotengenezwa kwa ajili ya besi hizi. Sauti yake ni kavu na inakaribia gitaa besi. Ila ni nyembamba, zinacheza ndani ya mifereji mipana ya mpira, kwa hiyo kijiti cha kichwani kitabidi kibadilishwe, na vigingi vingine vyenye tundu kubwa havizishiki vizuri. Mimi nimebaki na mpira. Mlio wake ni wa besi kubwa ya kusimama, ile ya taarab ya orkestra, na hakuna sababu nyingine ya maana ya kununua kifaa hiki.

Wakati wa kaskazi vidole vitakunatia. Poliyurethani ikikutana na jasho huwa kama gundi, na ukiteleza kutoka freti ya 2 hadi ya 5 unasikia mlio wa kiatu cha mpira kwenye vigae. Futa nyuzi kwa kitambaa chenye maji kidogo, zikauke, paka poda ya mtoto kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Mafuta na spiriti usizikaribishe.

Sasa pikapu. Piezo ni utepe unaogeuza mkandamizo kuwa umeme, kwa hivyo uzi usiokandamiza hausikiki hata ukiupiga kwa ngumi. Besi yangu ilitoa A na D kwa sauti kubwa, E ya wastani, na G ya kunong'ona. Sababu ilikuwa kijiti cha daraja kisichokaa bapa, pamoja na vumbi la mbao lililoachwa kiwandani ndani ya mfereji wake. Legeza nyuzi zote bila kuzitoa, chomoa kijiti, safisha mfereji kwa brashi kavu ya meno. Laza msasa namba 400 juu ya kioo, usugue upande wa chini wa kijiti kwa kukisimamisha wima kabisa, mikupuo kama kumi, kisha ukiweke kwenye ukingo wa rula na uangalie kama mwanga unapita katikati. Usisugue kwa pupa: ukitoa milimita 1 hapo, nyuzi zinashuka nusu milimita kwenye freti ya 12. Kipimo kizuri kwenye freti hiyo ni milimita 3 kwa E na 2.5 kwa G. Ukiteremka zaidi, mpira unaotikisika kwa upana utagonga freti.

Jeki ni aibu ya besi nyingi za bei hii. Nati yake hulegea, jeki inazunguka na waya, na waya unakatika ndani. Kila wiki ikaze huku umeishika isizunguke, na tone la rangi ya kucha kwenye hesi za nati huizuia isilegee. Ikishakatika, fundi yeyote wa redio ataiunganisha, lakini mwambie aweke jeki ya stirio yenye miguu mitatu. Mguu wa tatu ndio swichi ya betri. Akikufungia ya mono, priampu ama haitawaka kamwe au haitazima kamwe. Vivyo hivyo, ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri ya volti 9 inaendelea kuliwa bure. Dalili ya betri kuchoka ni mlio kukwaruza, na E ndiyo hutangulia.

Tyuna iliyojengewa ndani huiona G na D vizuri, lakini kwa E inarukaruka. Za simu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maikrofoni ya simu ni hafifu huko chini. Tumia ule mguso wa freti ya 12 unaotoa noti ya juu, hertzi 82, tyuna itaisoma mara moja.

Kuhusu mbao sina mengi. Wauzaji hujisifu kwa mbao nzima, lakini kwa unyevu wa Mombasa plaiwudi ni faida, kwa sababu haivimbi wala haipasuki upesi. Kinachoharibika pwani ni chuma: skrubu, vigingi na freti. Zifute kila baada ya kupiga, na ndani ya mfuko tia vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Usiiache ndani ya gari juani, gundi ya daraja italegea. Pitisha ukingo wa karatasi nyuma ya daraja, ukiingia chini yake limeanza kunyanyuka.

Bila kuchomekwa kwenye amplifaya, besi hii inatosha chumba kimoja na gitaa moja la nailoni. Mwimbaji mmoja tu akifungua mdomo, imezama. Wengi wetu tutaanza na sabufa ya sebuleni, kwa kiunganishi kutoka jeki kubwa ya milimita 6.35 kwenda tundu mbili za nyuma. Inafanya kazi, ila sabufa hupenda chini tupu, kwa hiyo utasikia mtetemo bila kujua noti gani. Punguza kitufe cha besi, usikiongeze. Spika ndogo ya bluetooth ina kasoro ya pili: mlio unachelewa, na mkono wako unavurugika. Amplifaya ya gitaa besi yenye spika ya inchi 10 ndiyo nyumba yake. Kwenye miksa ya harusi, mwombe mtu wa sauti akate chini ya hertzi 35, apunguze kidogo hertzi 200 hadi 250 panaponguruma, aongeze kidogo 700 ili noti zitambulike. Ikianza kuvuma yenyewe ukiwa karibu na spika, ziba tundu la bodi kwa sponji.

Katika upigaji, punguza nguvu. Piga kwa nyama ya kidole karibu na mwisho wa shingo, si karibu na daraja. Kucha na plektra (kibao cha kupigia nyuzi) zinakata mpira, na kuchapa kwa dole gumba hakutoi kitu. Freti ya kwanza ina sentimita 3 hivi, badala ya karibu 5 za gitaa besi, kwa hiyo mkono haujitanui, lakini kupita freti ya 7 vidole vinabanana. Noti inafifia haraka. Kwa chakacha na bango hilo ni zuri, midundo inabaki mikavu na kila pigo linasimama peke yake. Kwa noti ya kushikilia chini ya fidla haifai, itakufia mkononi. Kwa wanaopiga nyimbo za maqamu (ngazi za Kiarabu, zenye noti zinazoangukia kati ya freti), ziko besi zisizo na freti. Kosa la vidole husikika zaidi kwenye shingo fupi: kuteleza kwa milimita 2 hapa ni kosa kubwa kuliko kwenye besi ndefu.

La mwisho kabla ya kutuma hela kwa M-Pesa. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliwahi kunitumia picha ya "besi" ambayo ilikuwa ukulele baritoni. Urefu wa nyuzi unakaribiana na picha inadanganya, lakini baritoni hutyuniwa D, G, B, E na nyuzi zake ni nyembamba. Omba picha ya daraja kwa karibu pamoja na kalamu ya Biki kando yake. Uzi wa E wa besi hii lazima uonekane karibu nusu ya unene wa kalamu. Omba pia video ikiwa imechomekwa, kila uzi upigwe peke yake, na uone jeki ikitikiswa. Asiyekubali kuitikisa jeki anajua kwa nini.