Uzoefu wangu na TearFree: dawa ya picha inayokatika kwenye Linux

Mashine yangu ni kompyuta mpakato ya mtumba yenye chipu ya michoro ya Intel, nikiiendesha kwa Debian (aina ya Linux) na dawati la Xfce. Kwa kuandika na kuperuzi haina neno. Shida ilikuwa mpira. Kamera ikimfukuza winga pembeni mwa uwanja, mstari wa mlalo unaikata skrini: juu yake kiwiliwili kimebaki nyuma, chini yake miguu imeshatangulia. Kwenye taarifa ya habari huoni kitu, kwa sababu mtangazaji hatikisiki. Weka marudio ya Simba na Yanga ndipo utajua.

Wengi hulaumu bando au faili la video. Kipimo chake ni rahisi: piga skrinishoti wakati mkato unaonekana. Itatoka safi kabisa, ilhali ukiirekodi skrini hiyohiyo kwa kamera ya simu, mkato unanaswa. Maana yake video ni nzima, ila inaharibika njiani ikielekea kwenye kioo. Skrini ya hezi 60 husoma picha kutoka juu kwenda chini, kila mara ikichukua takriban milisekunde 16.7. Fremu mpya (picha inayofuata ya video) ikiingizwa usomaji ukiwa katikati, nusu ya juu inabaki ya zamani na ya chini inakuwa mpya. Lazima mtu mmoja kwenye mnyororo akubali kusubiri zamu: kicheza video, kompozita ya dawati (programu inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja), au draiva (programu inayoendesha chipu ya michoro).

Nilianzia kwenye kicheza video. Mpv, kicheza video changu, ikiendeshwa kwa `--vo=x11` haisubiri chochote; kwa `--vo=gpu` hali inakuwa nafuu. Kisha kompozita. Xfce tangu toleo 4.14 la mwaka 2019 inajua kusubiri, na kweli video ndani ya dirisha ikatulia. Nikifungua skrini nzima, mkato ukarudi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na sababu yenyewe ni ndogo tu: dirisha likijaza skrini, kompozita hujiweka kando ili kuokoa nguvu, hivyo hakuna tena wa kusubiri. Kuizuia:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/unredirect_overlays -s false`

Hiyo ilipunguza sana, ingawa kivinjari kiliendelea kukata mara mojamoja. Ndipo nikageukia TearFree, mpangilio unaoifanya draiva yenyewe isubiri zamu. Kwanza angalia unatumia draiva gani kwenye `Xorg.0.log`, faili la kumbukumbu la X (mfumo unaochora skrini); ukiona `modeset(0)`, bado uko kwenye draiva ya jumla, `modesetting`, si ile ya Intel. Nilisakinisha kifurushi cha `xserver-xorg-video-intel`, kisha nikaandika faili hili, `/etc/X11/xorg.conf.d/20-intel.conf`:

```
Section "Device"
  Identifier "Intel Graphics"
  Driver "intel"
  Option "TearFree" "true"
EndSection
```

Kabla hujawasha upya, hakikisha kifurushi kimeingia. Kama hakipo, X haitawaka na utabaki na skrini nyeusi. Hapo bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, futa faili hilo, maisha yaendelee.

Matokeo: mkato umekwisha, dirishani na kwenye skrini nzima, mpv na kivinjari. Winga sasa anakimbia na miguu yake. Baada ya hapo nilizima usubiri wa kompozita kwa kuweka `vblank_mode` kuwa `off`, maana wawili wakisubiri kwa pamoja unaongeza ucheleweshaji bure. Msubirishaji awe mmoja.

Sasa kasoro. TearFree hutunza nakala ya ziada ya picha, kwa hiyo inakula kumbukumbu kidogo na kipanya kinakuwa kizito kwa kiasi ambacho mchezaji wa gemu atakihisi. Kubwa zaidi, draiva yenyewe imezeeka: toleo lake la mwisho lenye namba, 2.99.917, ni la Desemba 2014, na tangu 2016 Debian na Ubuntu huchagua `modesetting` kwa chipu nyingi za Intel. Kwa mashine mpya kabisa nisingeigusa. Kwa ya mtumba kama yangu naipa nne kwa tano.

Mashine ya shemeji ina AMD, na huko mambo ni mteremko. Hakuna faili la kuandika: unatazama jina la skrini kwa `xrandr`, unaandika `xrandr --output eDP --set TearFree on`, mkato unatoweka video ikiwa bado inacheza. Wenye NVIDIA watafute `ForceFullCompositionPipeline` kwenye mipangilio ya draiva yao.

Lakini kama dawati lako ni GNOME au KDE, usihangaike na haya yote kabla hujajaribu Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X. Toka, na kwenye ukurasa wa kuingilia chagua kikao cha Wayland, kisha weka mechi ileile. Huko kompozita ndiyo yenye kioo, na kawaida haionyeshi fremu ambayo haijakamilika. Kwa Xfce, toleo 4.20 la Desemba 2024 lilileta Wayland kwa majaribio tu, ndiyo maana mimi bado nipo na X na faili langu la mistari mitano.