Kingamwili au maikroRNA: saratani inapojificha

Hapa Tanga, mgonjwa akitoka hospitali ya Bombo na barua ya rufaa ya kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, ndugu huuliza kuhusu dawa za kuamsha kinga. Wengi huchanganya njia mbili.

Ya kwanza ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika shabaha maalumu, kama pembrolizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Seli ya saratani hujivika protini ya PD-L1, inayoiambia seli T, askari wa kinga ya mwili, isishambulie. Dawa hii hushika PD-1, kipokezi cha amri hiyo kwenye seli T, amri isifike. Inatibu watu tayari, ingawa bei yake inaumiza sana.

Ya pili huingia ndani zaidi. MaikroRNA, vipande vifupi vya RNA vilivyowapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel mwaka 2024, huzuia ujumbe wa jeni usigeuzwe kuwa protini. Ile ya miR-34a hupunguza PD-L1 yenyewe, pamoja na protini nyingine nyingi za saratani kwa mpigo. Nguvu iko hapo, na hatari pia: jaribio la MRX34, dawa inayoiga miR-34a, lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya madhara makali ya kinga, na wapo wagonjwa waliofariki.

Kwa mgonjwa wa leo ningependa apate kingamwili, daktari akiona inafaa. MaikroRNA zinanipa matumaini makubwa, lakini kwanza zifikishwe kwenye uvimbe bila kuvuruga seli zenye afya.