Breki za pikipiki ya zamani: anzia kwenye masta, diski baadaye

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Mtu ana Honda CB750 au Norton Commando, kaweka kalipa mpya (kile kinachobana pedi kwenye diski), kaongeza na diski, hela imeteketea, halafu mkono wa breki bado mgumu kama ubao, anavuta mpaka vidole vinauma na chombo kinazidi kwenda. Nikimuuliza masta silinda yako, ile pampu ya oili iliyo kwenye mkono wa breki, ina pistoni ya milimita ngapi, kimya. Wanaokimbilia diski za matundu wanisubiri kwanza.

Cha kubadilisha namba moja, tena kwa mbali: masta yenye pistoni ndogo. Watu wanadhani masta kubwa ndo breki kubwa, ni kinyume kabisa! Pistoni ikiwa nene inasukuma oili nyingi ila presha inashuka, mkono unakuwa mgumu, hausogei, wewe unaona breki imara kumbe haishiki. Commando zilizoanza kuja na diski 1972 zilipewa masta ya inchi 5/8, karibu milimita 15.9, kwa kalipa moja tu. Ukiivisha bushi ya ndani ikashuka mpaka 13, kwa nguvu ile ile ya vidole presha inapanda karibu nusu nzima, na hujagusa kitu kingine. CB750, hii iliyotoka 1969 na diski mbele, ina 14, ukishuka mpaka 12.7 kwa kalipa moja unaongeza kama asilimia 20. Unacholipia ni kwamba mkono utasafiri zaidi kabla ya kushika, kwa hiyo usishuke ovyo ukaja kugusa usukani. Ukiwa na diski mbili, hapo 14 au 5/8 ndo zinaanza kuwa na maana.

Kwenye masta mimi ni mtu wa Nissin, sifichi. Brembo wana vitu vizuri, sikatai, ila Nissin saizi imeandikwa kwenye mwili wa masta, 1/2, 14, 5/8, unageuza unasoma, hamna kubishana na mtu.

Maana wauzaji wa hizi spea wananichefua. Picha inang'aa, rangi nne za kuchagua, "inafaa pikipiki zote", na saizi ya pistoni hamna popote. Inafaaje zote wakati kalipa hazifanani? Mmoja nilimuuliza kipenyo cha pistoni akanijibu usukani wa milimita 22. Na bado anataka bei ya kitu cha maana.

Masta za bei chee sina la kusema, sili zake siziamini.

Namba mbili ni paipu zilizosukwa kwa waya wa chuma, Goodridge au HEL, yoyote kati ya hizo. Mpira uliozeeka unavimba ukivuta breki, na ukiwa umeshaweka masta ndogo huo uvimbe ndo unakula safari yote ya mkono, kwa hiyo namba moja na mbili nunua pamoja.

Tatu, pedi. Diski za chuma cha kutupwa, kama za Norton na Triumph, zipe pedi za ogania (zile laini), zile za sinta, za unga wa metali uliobanwa, zinazitafuna. Zile za Norton zilizopakwa kromu peleka kwa mkerezaji aitoe, pedi haishiki vizuri kwenye kromu.

Kalipa kubwa na diski ya pili naziweka mwisho. Ukiongeza pistoni za kalipa hesabu ya masta inaanza upya, na foki za mbele za zamani, ile miguu inayoshika gurudumu, ni nyembamba, uzito wote huo zinaubeba zenyewe.

Wenye breki za dramu: kebo mpya, na viatu vya breki vikerezwe vifuate mviringo wa dramu yenyewe. Basi.

Oili ya breki weka DOT 4. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine, na muuzaji akikwambia 5 ni bora kwa sababu namba ni kubwa, mshukuru uende duka lingine.