Nililipa laki tisa, mama mkwe akauliza tutamalizia lini

Nilipomwita fundi bustani hapa Kibada, Kigamboni, nilikuwa na vyungu 23, mawaridi yaliyokonda, na picha kwenye simu: ukuta mweupe, mti mmoja, nyasi, basi. Nikamwambia nataka hivyo. Uwanja wenyewe ni mita 8 kwa 6, kati ya kibaraza na ukuta wa jirani.

Siku ya kwanza hakushika hata jembe. Alikaa kibarazani tangu saa tano mpaka jua linazama, anaangalia kivuli cha mwarobaini kinavyohama. Nilishaanza kuionea uchungu pesa ya kianzio. Jioni akasema, "Dada, ukiacha mwarobaini, hapa mimea mitatu inatosha. Hivi vingine tugawe." Mawaridi yakaenda kwa jirani, na huko yamenenepa.

Kazi ilikwenda siku sita, na nne kati ya hizo ziliishia chini ya ardhi. Udongo wetu ni kichanga, na maji ya bati yalikuwa yanachimba mashimo kila mvua. Akachimba mfereji sambamba na ukingo wa paa, akaujaza kokoto, akasawazisha uwanja, akachanganya samadi iliyooza. Ndipo akapanda: nyasi za Pemba, kwa sababu zinavumilia kivuli, asumini moja kwenye nguzo ya kibaraza, na ukutani safu moja ya mchaichai. Huo mchaichai ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Upepo ukija unalala wote upande mmoja, na chai nachuma hapo hapo.

Alipokosea ni kwenye mawe meupe, ingawa na mimi niliyakubali haraka. Alimwaga njia nzima, geti hadi mlangoni. Saa sita mchana hukuweza kuyatazama, yanachoma macho. Halafu mwarobaini ukaanza kupukutisha. Vijani vile vyembamba vinajipenyeza kati ya mawe. Ukifagia, fagio linaondoka na mawe. Nilikuwa nachuchumaa kila asubuhi kuokota kimoja kimoja, mimi niliyetaka bustani ya kutuliza akili! Mtu aliyekaa mchana kutwa akiangalia kivuli cha mti ule alipaswa kuliona hilo. Nilimpigia, akaja bila kununa, akaweka vibao vya zege na nyasi katikati, ila usafiri nililipa mimi. Mawe yako kwenye magunia nyuma ya tanki. Anayehitaji aje na kirikuu.

Masika ilipofika nilisimama dirishani naangalia ule mfereji unavyokunywa maji ya paa. Hakuna shimo hata moja. Kwa hilo tu nitamwita tena.

Mama mkwe alikuja Juni, akasimama katikati ya uwanja, akageuka huku na huku. "Mwanangu, na hapa mtamalizia lini?" Nikamwambia tumeshamaliza, mama. Hakujibu. Jioni asumini ilipofunguka alihamishia mkeka wake kibarazani, na kesho yake aliondoka na mashina matatu ya mchaichai kwenye mfuko.